Umeme Ulipokatika Pasua

Mlangoni pa mashine ya kusaga, Pasua,
navua viatu.
Kijana wa zamu hucheka: Dada, humu hakuna kapeti.
Namwambia unga unateleza.
Si uongo. Unga unateleza kweli.

Ni chumba tu. Bati lina matundu mawili,
mita ya luku hulialia ikikaribia kuisha,
mzani umefungwa kwa waya wa uzio,
panya mmoja mnene asiyemwogopa mtu,
kalenda ya mwaka juzi.
Ukutani, chini ya rangi mpya ya kijani,
bado nazisoma hesabu za chaki:
Mama Shose debe mbili. Mangi wa kona, deni.
Hakuna mwingine azionaye.

Nililetwa hapa nikiwa na miaka tisa,
nimefuatana na mama kama furushi la nguo,
mtoto wa kufikia, anayekula kimya
na kuosha sahani yake kabla haijapoa.
Kaanaeli hakuwa na wa kumzaa.
Asiye mwana aeleke jiwe, walimtania vijiweni.
Yeye alieleka magunia.
Kila jioni alikuwa mweupe hadi kope,
na sikio la kushoto lilikwishaliwa na mashine.
Mwaka mzima hakuniita jina.
Aliniita kwa kidole: shika mfuko. Funga. Rudisha chenji.
Nami sikumwita baba. Nilimwita shikamoo.

Jumamosi ile foleni ilifika mpaka mferejini.
Mkanda unapiga, sakafu inatetemeka,
mahindi yanaruka ndani ya chuma kama mvua ya mawe,
na kila mtu anazungumza kwa kupayuka.
Mama mmoja wa Kiboriloni, mgeni pale,
akanionyesha kwa kidevu:
Na haka kabinti ni ka nani?
Kaanaeli akajaza kifua apasue zile kelele,

WANGU!

na hapo hapo umeme ukakatika.

Neno likabaki peke yake chumbani,
hakuna mkanda wa kulimeza.
Likagonga bati, likagonga debe tupu,
likashuka taratibu pamoja na vumbi
juu ya mabega ya foleni nzima
na juu yangu.
Mwenyewe alishtuka
kama mtu aliyedondosha pochi sokoni.
Akainama kutafuta spana.
Spana ilikuwa mkononi.
Mtu akakohoa.
Umeme ulirudi saa kumi na moja.

Wageni hushuka stendi wakiuliza Mlima uko wapi,
wakauone, wanyamaze, wavue kofia.
Ni haki yao. Mimi nauona kila nikianika nguo,
na siku ukijifunika mawingu siugombezi.
Kanisani naenda, naimba sauti ya pili,
nakaa karibu na dirisha
na katikati ya mahubiri nawaza maharage jikoni.
Humu sijawahi kuwaza maharage.

Kaanaeli tulimzika kihambani kwao, Uru.
Masale yakapandwa, yakashika, yamekuwa marefu.
Siendi sana. Kule amelala tu.
Humu bado anatafuta spana.

Ndiyo maana naja na kilo mbili za mahindi
ambazo dukani ningezipata zimeshasagwa,
bei ile ile, zikiwa na mfuko wa picha.
Kijana anawasha. Sakafu inapanda nyayoni.
Sisali. Sijui ningeomba nini.
Nasimama pale penye ufa, peku,
nikitamani,
Mungu anisamehe, na foleni inisamehe,
wakate umeme.